Daktari wa Mimea: Maisha ya George Washington Carver na Elimu ya Mikono

Utangulizi

Katika shule nyingi tulizosomea, mwanafunzi aliyechelewa gwaride au aliyepatikana akipiga soga darasani alikabidhiwa jembe, akaonyeshwa kipande cha kiwanja kilichoota magugu, akaamriwa alime hadi jua la utosi. Adhabu ilipokwisha, udongo ulinawika mikononi, lakini funzo lake lilisalia akilini: kalamu ni tuzo, jembe ni kiboko. Wengi wetu tulijiunga na chuo kikuu tukiwa tumelimeza funzo hilo bila kulitafuna. Ilhali wahenga walikwisha kutuonya kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Makala haya yanaangazia maisha ya mja aliyeuishi wosia huo wa wahenga. George Washington Carver alikuwa Mmarekani Mweusi aliyezaliwa utumwani, akapata shahada mbili za sayansi katika zama ambapo vyuo vingi vya nchi yake havikumtaka, kisha akaitumia elimu hiyo kuwafundisha wakulima fukara namna ya kuiponya ardhi iliyochakaa. Ulimwengu humkumbuka kwa karanga. Hoja yetu ni kwamba karanga zilikuwa tawi tu. Shina la kazi yake lilikuwa udongo, na mzizi wake ulikuwa imani kwamba mtu huijua ardhi kwa kuishika.

Utoto wa Yatima

Carver alizaliwa karibu na kijiji cha Diamond, katika jimbo la Missouri, yapata mwaka 1864 au 1865. Hakuna aliyeinakili tarehe yenyewe. Mamake, Mary, alikuwa mtumwa wa mkulima mmoja Mzungu aliyeitwa Moses Carver, na ndiko mtoto alikopata jina la ukoo. Babake, aliyekuwa mtumwa katika shamba la jirani, inasemekana alifariki katika ajali hata kabla mwanawe hajamtambua.

Huo ulikuwa wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe nchini Marekani, na mpaka wa Missouri ulijaa makundi ya wavamizi waliopora mali na watu. Usiku mmoja wavamizi hao walimteka Mary pamoja na kitoto chake kichanga, wakaenda nao upande wa Arkansas. Moses Carver alimtuma mtu kuwafuata. Mtu huyo alirejea na mtoto peke yake, akiwa hoi kwa kifaduro, naye akalipwa farasi kwa kazi yake. Mama hakuonekana tena. Basi George alianza maisha akiwa yatima na mgonjwa, na utumwa ulipofutwa, yeye na nduguye Jim walilelewa na Moses na mkewe Susan.

Kwa kuwa mwili wake ulikuwa dhaifu, hakutumwa kazi nzito za shamba. Susan alimfunza kupika, kufua, kushona, kutunza bustani na kusoma herufi. Muda uliosalia aliutumia msituni. Alikusanya maua, majani, mawe na wadudu, akavileta nyumbani hadi akakatazwa kuingia navyo ndani. Kwa kuwa katika mazingira yale kushughulikia maua kulionekana kuwa kupoteza wakati, alijitengenezea bustani ya siri kichakani, akaihamishia mimea ya porini na kuiuguza. Habari zilienea. Majirani walianza kumletea mimea yao iliyonyauka, wakamwita daktari wa mimea. Daktari huyu hakuwa na kitabu wala dawa. Alikuwa na macho, vidole na subira. Ni muhimu kulishika jambo hili, msomaji mtukufu, kwa sababu aliyoyafanya baadaye akiwa profesa yalikuwa upanuzi wa bustani ile ya kichakani.

Safari ya Kuitafuta Elimu

Shule iliyokuwa karibu na nyumbani haikuwapokea watoto Weusi. Akiwa na umri wa miaka kumi na kitu, George alifunga safari kwenda mji wa Neosho, ambako kulikuwa na shule ndogo ya watoto wa rangi yake. Huko alipokelewa na Andrew na Mariah Watkins, mume na mke Weusi waliokosa mtoto. Bi. Mariah alikuwa mkunga na dobi aliyezijua vyema dawa za miti shamba. Kijana alimsaidia kufua nguo, naye kwa upande wake akapata mwalimu wa pili wa mimea.

Kutoka hapo aliingia jimbo la Kansas, akihama kutoka mji hadi mji, akiishi kwa kupika na kufua nguo za watu. Mwaka 1879, katika mji wa Fort Scott, alishuhudia umati wa Wazungu ukimtoa mtu Mweusi gerezani na kumuua hadharani bila ya kesi. Aliuhama mji huo mara moja, na kumbukumbu ya usiku ule haikumwacha maisha yake yote. Hatimaye alikamilisha masomo ya sekondari katika mji mdogo wa Minneapolis, Kansas.

Mwaka 1885 alipeleka maombi katika chuo kimoja kilichokuwa Highland, kaskazini mashariki mwa Kansas, akakubaliwa kwa barua. Alipofika na kuonekana kuwa Mweusi, alikataliwa. Hapana shaka wengi wangelikata tamaa. Yeye alielekea magharibi mwa jimbo hilo, katika Kaunti ya Ness, akachukua kipande cha ardhi kavu, akajijengea nyumba ya matofali ya udongo wa nyasi, kisha akapanda mahindi, mboga na miti. Ukame na dhoruba za theluji zilimfunza kwamba mkulima asiyeielewa ardhi yake hupigana nayo, na katika vita hivyo ardhi haishindwi.

Mwaka 1890 alipokelewa katika Chuo cha Simpson, jimboni Iowa, kusomea uchoraji na muziki. Mwalimu wake wa sanaa, Etta Budd, alikitambua kipaji cha mwanafunzi aliyechora mimea kana kwamba anaifahamu kutoka ndani. Bibi huyo alikuwa na baba aliyefundisha kilimo cha bustani katika chuo cha kilimo cha Ames, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa. Alimshawishi Carver ahamie huko, naye akahamia mwaka 1891, akawa mwanafunzi wa kwanza Mweusi chuoni humo. Siku za mwanzo hakuruhusiwa kula pamoja na wenzake. Alilia chakula chumba cha chini pamoja na vibarua. Hata hivyo, subira huvuta heri. Alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1894, akaajiriwa kuwa mhadhiri msaidizi, na mwaka 1896 akapata shahada ya uzamili chini ya mwanabotania Louis Pammel, akiwa amebobea katika magonjwa ya mimea yaletwayo na kuvu. Sanaa nayo hakuiacha: mchoro wake wa mimea ya jangwani ulitajwa kwa heshima katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago mwaka 1893.

Ardhi Iliyochoka

Mwaka huo huo wa 1896 Booker T. Washington, kiongozi Mweusi aliyekuwa mashuhuri kuliko wote kusini mwa Marekani wakati huo, alimwalika Carver aongoze idara ya kilimo katika chuo cha Tuskegee, jimboni Alabama. Ames ilikuwa tayari kumbakiza. Angalikaa pale, angalikuwa mtafiti wa kuvu mwenye maabara kamili, mshahara na utulivu. Alichagua Tuskegee, akawasili Oktoba 1896.

Alichokikuta kilisikitisha. Maabara haikuwapo. Yeye na wanafunzi wake walizunguka katika majalala wakiokota chupa, mitungi, nyaya na vikopo, wakaviunda upya viwe vyombo vya kufanyia majaribio. Lakini upungufu wa vyombo ulikuwa kidogo ukilinganishwa na uchovu wa ardhi.

Kaunti ya Macon ilikuwa imelimwa pamba kwa vizazi. Pamba baada ya pamba, mwaka baada ya mwaka, hadi rutuba ikanyonywa. Matuta yalichimbwa kufuata mteremko, hivyo kila mvua kubwa iliteremka na udongo wa juu na kuacha makorongo mekundu. Wakulima wengi walikuwa Weusi waliowekwa huru bila ya kupewa ardhi. Walilima mashamba ya watu, wakagawana mavuno na mwenye shamba, na kabla ya kuvuna walikopa mbegu, mbolea na hata unga kwa mfanyabiashara, kwa riba kubwa. Mkopeshaji alitaka pamba, maana ndiyo iliyouzika. Kwa hiyo mkulima alipanda pamba hadi kizingitini mwa nyumba yake, asibakishe hata tuta la mboga. Ardhi ilipozidi kuchoka, mavuno yalipungua. Mavuno yalipopungua, deni liliongezeka. Na deni lilipoongezeka, pamba ilipandwa zaidi. Utumwa ulikuwa umefutwa kwa sheria, lakini udongo uliochakaa ulisaidia kuurudisha kwa mlango wa nyuma.

Carver aliuelewa mzunguko huo upesi. Ndiposa hakuuona udongo kuwa suala la kemia tu. Kwake, kuurejesha ulikuwa mwanzo wa kumkomboa mtu.

Shamba Kama Darasa

Mwaka 1897 bunge la Alabama liliidhinisha kituo cha majaribio ya kilimo hapo Tuskegee, kikapewa fedha haba mno, dola 1,500 kwa mwaka. Vituo vingine vya Marekani vilikuwa na bajeti kubwa kupindukia. Carver aliugeuza ufukara huo kuwa kanuni: jaribio lolote ambalo mkulima mwenye mnyama mmoja wa kukokota plau hangeweza kuliiga halikuwa na maana kwake.

Kipande cha ardhi alichoanza nacho kilikuwa cha mchanga, kimeliwa na mmomonyoko. Pamoja na wanafunzi, aliyajaza makorongo kwa matawi na takataka ili yakamate udongo, akalima kwa kina na kupanga matuta kwa kukinga mteremko badala ya kuufuata. Wanafunzi walisomba majani makavu kutoka msituni na tope jeusi kutoka vinamasini, wakavichanganya na samadi na kuvilaza vioze hadi vikawa mboji. Mbolea ya dukani alishauri itumiwe kwa uangalifu, kwa kuwa mkulima aliinunua kwa deni, ilhali majani ya msituni hayakuwa na bei.

Kisha aliiingiza mimea ya jamii ya kunde. Hapa sayansi yake ya Ames iliingia kazini. Hewa imejaa naitrojeni, lakini mimea mingi haiwezi kuitumia ikiwa hewani. Kunde, karanga na mimea ya jamii hiyo huishi kwa ushirikiano na bakteria wanaojenga vinundu kwenye mizizi. Bakteria hao huibadilisha naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mmea, na masalia ya mmea yanapoozea shambani, udongo nao hufaidika. Pamba hutwaa, kunde hurudisha. Basi Carver aliwahimiza wakulima wapande kwa zamu: msimu huu pamba, ujao kunde, kisha viazi vitamu, kisha pamba tena. Baada ya miaka michache, kipande kilichodharauliwa kilianza kuzaa kwa faida, naye mwaka 1905 akachapisha kijitabu kuhusu namna ya kujenga upya udongo uliochakaa. Katika maisha yake alitoa vijitabu zaidi ya 40, vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi ili mkulima asiye na kisomo kikubwa, au mwanawe amsomeaye, avielewe.

Darasani, Carver hakupenda kuanza na kitabu. Alizoea kuamka alfajiri kabla ya jua kuchomoza na kutembea msituni, akirudi na mimea, kuvu na udongo. Wanafunzi nao walitakiwa kuleta mimea, kuitaja, kuichambua na kueleza uhusiano wake na udongo ulioizaa, wadudu walioitembelea na mimea jirani. Aliamini kwamba viumbe vyote hutegemeana, na kwamba anayekijua kitu kimoja pekee hajakijua hata hicho. Mwanafunzi wake hakuhitimu kwa kukariri majina. Alihitimu kwa kutambua kwa nini mmea umenyauka.

Wakulima nao hawakuachwa. Kila mwezi waliitwa chuoni, wakaonyeshwa vipande vya majaribio, wakaushika udongo wenyewe, wakarudi makwao na ushauri wa mambo ya kufanya wiki hiyo. Kuanzia mwaka 1904 kulikuwa pia na mafunzo mafupi ya majira ya baridi, wakati ambapo kazi za shamba zilikuwa chache.

Gari Lililobeba Shule

Hata hivyo, waliohitaji mafunzo hayo kuliko wote ndio ambao hawangeweza kufika. Mtu mwenye deni hana nauli wala siku ya mapumziko. Carver mwenyewe alikuwa na mazoea ya kutoka mwishoni mwa wiki kwenda vijijini na zana chache, akawahutubia watu baada ya ibada. Kutokana na mazoea hayo, mwaka 1906 lilibuniwa gari la kukokotwa na wanyama, lililogharamiwa na tajiri wa New York aliyeitwa Morris K. Jesup, nalo likaitwa kwa jina lake.

Gari hilo lilibeba plau, mbegu, vifaa vya kutayarisha maziwa na sampuli za mazao. Lilifika kijijini, likasimama katika shamba la mkulima mmoja, na majirani wakaitwa. Hapakuwa na hotuba ndefu. Ardhi ya mwenyeji ililimwa mbele yao, mbegu zikapandwa, siagi ikasukwa, na kila mmoja akaalikwa kujaribu. Katika majira ya kwanza ya joto gari hilo lilifikia zaidi ya watu 2,000 kwa mwezi. Mwaka huo huo Wizara ya Kilimo ya Marekani ilimwajiri Thomas Monroe Campbell, mwanafunzi wa zamani wa Carver, kuendesha kazi hiyo, akawa afisa wa kwanza Mweusi wa mafunzo ya kilimo nyanjani. Leo tumwonapo afisa wa kilimo akisimama katikati ya shamba la mkulima badala ya kumwita ofisini, tukumbuke kwamba gari la Tuskegee lilikuwa miongoni mwa waliotangulia katika njia hiyo.

Magugu Yaliyokuwa Mboga

Fauka ya udongo, Carver aliithamini mimea ya asili ya mahali pale. Aliiona jamii iliyokufa kwa utapiamlo huku ikikanyaga chakula. Kando ya njia na ndani ya mashamba yaliyoachwa kuliota mimea ya mwituni ambayo watu waliiita magugu. Carver aliikusanya, akaipika, akaionja, akaonyesha namna ya kuikausha kwa ajili ya majira ya baridi. Mwaka 1942, wakati Marekani ilipokuwa vitani na chakula kikipimwa, alichapisha kijitabu kizima kuhusu mboga hizo za mwituni. Kwa msomaji aliyekulia penye terere, managu, saga au mrenda, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Nasi pia tumepata kipindi cha kuziona mboga hizo kuwa chakula cha maskini, kabla ya kuanza kuzinunua kwa bei ghali mijini.

Aliutazama udongo wa mfinyanzi kwa jicho hilohilo. Mwaka 1911 alitoa maelezo ya jinsi ya kupaka nyumba rangi kwa kutumia udongo wa kaunti ile yenyewe, ili hata kibanda cha maskini kiwe na heshima bila ya mwenyewe kuongeza deni dukani. Hapo ndipo mchoraji na mwanasayansi walipokutana ndani ya mtu mmoja.

Karanga na Sifa

Mnamo miaka ya 1910 fukusi wa pamba, mdudu aliyeingia Marekani kutoka Mexico, alifika Alabama na kuangamiza mashamba. Wakulima waliolazimika kuiacha pamba walihitaji zao mbadala, na Carver alikuwa amekwisha kulitayarisha. Mwaka 1916 alichapisha kijitabu kuhusu ukuzaji wa karanga na njia 105 za kuziandaa kwa chakula. Mwaka 1921 alifika mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi mjini Washington kuwatetea wakulima wa karanga. Alipewa dakika chache. Baadhi ya wabunge walianza kwa kejeli, lakini alipokuwa akitoa vitu kutoka sandukuni mwake, waliacha kuitazama saa.

Tangu siku hiyo alikuwa mtu maarufu. Magazeti yalisimulia kwamba amevumbua mamia ya vitu kutokana na karanga, na baadhi yakamtwika sifa ya kuvumbua siagi ya karanga, ambayo kwa kweli ilikuwepo kabla yake. Vingi katika vitu hivyo havikufika sokoni, na hataza alizopata zilikuwa tatu tu. Sifa hizo zilimpandisha, lakini pia zilimficha. Watu walimkumbuka mchawi wa karanga, wakamsahau mwalimu aliyeileta karanga kwanza kwa sababu ya kile ambacho mizizi yake hufanya gizani.

Kasoro za Mwalimu

Hakuna mja aliyekamilika, na sifa zisizo na mizani humdhalilisha asifiwaye. Carver hakuwa msimamizi mzuri. Banda la kuku la chuo lilimshinda, na mwaka 1904 uchunguzi ulimlaumu kwa taarifa zisizolingana na idadi halisi ya kuku. Aligombana na wenzake, akatishia kujiuzulu mara kadhaa, na Booker T. Washington alimkosoa wazi kwamba alikuwa hodari wa kufundisha kuliko kuendesha shughuli.

Kikwazo kikubwa zaidi hakikuwa ndani yake. Mbinu zake zilihitaji miaka, ilhali mkulima wa shamba la mtu hakujua iwapo mwaka ujao angekuwa hapo. Anayejaza makorongo ya shamba la mwingine humtajirisha mwenye shamba. Wako walionufaika, hasa waliomiliki vipande vyao, lakini wengi waliendelea kufungwa na deni, na maelfu wakahamia miji ya kaskazini. Carver hakuzungumza sana hadharani kuhusu siasa za ardhi na ubaguzi, na wako waliomlaumu kwa kimya hicho. Funzo liko wazi: mikono inayoponya udongo yahitaji pia haki inayoilinda jasho lake.

Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa Tuskegee kando ya Booker T. Washington. Hakuoa. Akiba yake, takriban dola 60,000, aliiachia taasisi ya utafiti aliyoianzisha. Mwezi Julai mwaka huohuo serikali ya Marekani iliidhinisha shamba alikozaliwa liwe mnara wa kitaifa, wa kwanza kutengwa kwa heshima ya Mmarekani Mweusi.

Carver na Sisi

Mfano wa Tuskegee ulitufikia mapema, ingawa kwa njia yenye utata. Mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes, iliyomjumuisha James Aggrey kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza elimu ya ufundi na kilimo kwa Waafrika. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete kuwaandaa walimu wa vijijini kwa mkondo huo. Wazee wetu waliitazama elimu ya namna hiyo kwa tahadhari, na hawakukosea. Serikali iliyokuwa imetwaa ardhi yao ilipowaambia watoto wao washike jembe, walisikia amri ya kubaki chini. Shule za kujitegemea zilizoanzishwa baadaye zilikuwa jibu lao.

Lakini tahadhari hiyo ya haki ilizaa kosa lisilokusudiwa: tulilitupa jembe pamoja na mkono uliotulazimisha kulishika. Carver anatusaidia kuvitenganisha viwili hivi. Yeye hakuingia shambani kwa kuwa alinyimwa darasa. Aliingia akiwa na shahada ya uzamili mkononi, kwa kuwa aliamini udongo unastahili akili bora kabisa ya watu wake.

Miaka sabini na mitano baada ya kijana yule kufukuzwa Highland, msichana kutoka Nyeri aliwasili Atchison, mji ulio mwendo mfupi tu kutoka hapo, katika kona ileile ya Kansas, kusomea biolojia. Alipokelewa, akahitimu mwaka 1964, na mwaka 1977 akaanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, ambamo wanawake wa vijijini walijifunza kukusanya mbegu za miti ya kiasili, kuzikuza vitaluni na kuipanda miche kwa mikono yao. Jina lake, Wangari Maathai, halihitaji kuelezwa kwa msomaji wa jarida hili. Hatudai kwamba mmoja alimfuata mwingine. Twasema tu kwamba wote wawili walisoma sayansi hadi kileleni, kisha wakashuka hadi kwenye kitalu, wala hawakuiona safari hiyo kuwa ya kuteremka.

Tamati

Basi, mwanafunzi mwenzangu, pembeni mwa mabweni yetu kuna miteremko iliyochimbwa na mvua, na nyuma ya madarasa kuna viwanja ambavyo hakuna anayejua jina la mti hata mmoja uliosimama humo. Tusingoje fedha wala semina. Carver alianza na chupa za jalalani, majani yaliyooza na wanafunzi wachache walio tayari kuchafuka. Wikendi ijayo, chama chetu kinaweza kuanza na korongo moja, mzigo mmoja wa matawi na mbegu za mti mmoja wa kiasili, ambao kila mwanachama atajifunza kuutaja kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao. Mchagua jembe si mkulima, na chururu si ndo ndo ndo.